Fungu la Maji

Watu husema wifi na wifi hawapikiki chungu kimoja. Maneno ya wavivu hayo. Mimi na mke wa kaka yangu tumepika chungu kimoja tangu siku niliporudi nyumbani kutoka kwa mume, na tumegombana juu ya kila kilichoingia humo: chumvi, kuni, nani kaacha mfuniko wazi. Lakini mtu wa nje akimsema vibaya mbele yangu namvaa mzimamzima. Haki ya kumsema ni yangu peke yangu, na siigawi.

Ni mfupi, ana miguu minene ya mtu aliyekulia kwenye tope, na ana kicheko cha kukera. Akilikataa jambo hapigi kelele. Huchukua ungo, akaketi, akaanza kupepeta, na wewe unabaki unabishana na makapi. Kaka yangu, ambaye ni mpole hadi anachosha, aliligundua hilo walipooana tu na hajathubutu kubishana naye tena. Mimi sikugundua kitu. Mimi bado nabishana.

Kwao ni bondeni kabisa, huko chini mto unakofurika kila mwaka. Watu wa kwao hulima na mto: humwaga mbegu kabla maji hayajaja, mpunga unakua maji yakipanda, na wakivuna huvuna maji yakiwa magotini. Sisi ni watu wa majaruba. Tunachimba, tunasawazisha, tunainua matuta, tunapandikiza miche kwa kamba iliyonyooka. Kwetu shamba ni kama sebule, na tuta likiota jani mwenye shamba husemwa hadi kwenye misiba. Zamani mtu akitafuta mke alipelekwa kwanza kuliona tuta la binti, uso baadaye. Tuta langu lilikuwa safi mno, uso ndio hivyo hivyo, nikaolewa. Ndoa ilivyovunjika ni habari nyingine, tuta halikuhusika.

Sasa chukua mwanamke wa mto, umlete kwenye nyumba ya watu wa matuta, umpe shamba. Mama yetu alimpa jaruba la juu, lile linaloanza kupokea maji kutoka mfereji mkuu, kwa sababu alimpenda. Msimu wa kwanza wifi alilima lote, akaacha kona moja pale maji yanapoingia. Akaenda kijitoni, akang'oa mashina ya matete, akayapanda kwenye ile kona kwa mikono yake, kama vile matete ni kitu cha kupandwa.

Mama alipofika alidhani macho yake yana kasoro.

"Mwanangu, hiki nini?"

"Fungu la maji, mama."

Akaeleza, kwa heshima zote. Kwao kila shamba lina kona isiyolimwa, mahali maji yanapoingilia. Maji yakifika hupumzika humo kwanza, yanatua mchanga na uchafu wake, ndipo yanaenda kwenye mpunga yakiwa yametulia. Kona hiyo si ya mtu. Hukati humo ila baada ya mavuno, na ukikata unakata mzigo mmoja wa kichwani, wa kusukia mikeka, basi. Anayelima fungu la maji kwao anaonekana kama mtu aliyempokonya mgeni sahani.

Mama alisikiliza hadi mwisho, akaenda nyumbani, akarudi na panga, akayakata yote. Kwa upendo kabisa. Hakutaka mkwe wake achekwe. Mvua zilipoanza wifi akayapanda tena. Na hivyo ndivyo walivyoishi wale wawili miaka na miaka: mmoja anakata, mwingine anapanda, na katikati yake wanasukana nywele, wanapokezana watoto, wanacheka mambo yao ambayo sisi wengine hatukuambiwa. Hawakuwahi kugombana juu ya matete hata kwa neno moja. Walikuwa chanda na pete, ila pete ilishika panga.

Mama alipofariki, wifi alilia kutushinda sisi aliotuzaa. Kisha matete yakaota bila mtu wa kuyakata, yakawa marefu kuliko kaka yangu.

Ndipo ukaja mwaka wa kwelea. Usiyewajua kwelea, mshukuru Mungu. Ni kindege kidogo, hakijai kiganja, lakini hakiji peke yake. Wanakuja kama moshi, wanatua, na wakiinuka masuke yamebaki yamesimama wima kwa wepesi, hayana kitu. Watu waliingia mashambani na mifuko kumi vichwani wakatoka na miwili. Mimi naendesha mashine ya kukoboa ya ushirika, najua nilivyokaa mwaka ule: mkanda wa mashine umelegea, pumba hakuna, nafagia sakafu iliyo safi.

Mwenyekiti wa ushirika ni baba yetu mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ni mtu wa kofia na fimbo, na hakuna sentensi anayoimaliza bila kutaja mila zetu. Mila zetu hivi, mila zetu vile. Akikuazima jembe, ni mila zetu, na asipokuazima, ni mila zetu pia. Aliitisha mkutano ghalani, tukakaa juu ya magunia matupu yanayonuka mbolea, akatuambia amepata dawa ya kwelea. Ndege hawa wanalala kwenye matete. Basi matete yote yakatwe na kuchomwa, ya kijitoni, ya kando ya mifereji, yote, kabla ya msimu wa kupandikiza. Atakayekataa afungiwe mlango wa maji, na shamba apewe mwingine wa ukoo.

Mikono ikaenda juu. Wa kwangu ulikuwa nusu njia nilipomwona wifi amekaa, mikono mapajani, kama anasubiri kitu kiive.

"Mkwe, hujasikia?" baba mdogo akauliza.

"Nimesikia, baba. Ya kwangu sikati."

"Hukati?"

"Sikati."

Baba mdogo akamgeukia kaka yangu. "Wewe! Mkanye mkeo."

Kaka akatazama magunia, akatazama dari, akasema, "Huyo hapo, baba. Mwambie mwenyewe."

Watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichoharibu mambo. Baba mdogo alichekwa mbele ya watu, akatafuta jiwe la kurusha, akaliokota lililo karibu.

"Mgeni haji kwenye nyumba ya watu akapanga vyombo," alisema.

Wifi alisimama polepole. Na mimi ninayemjua nilijua tumekwisha, kwa sababu hapakuwa na ungo karibu.

"Mgeni," alisema. "Nimezaa hapa. Nimezika hapa, mwanangu wa pili amelala kwenye makaburi yenu, baba, wewe mwenyewe ulishika sepetu. Mama nilimwogesha mimi. Mpunga wenu napanda kwa kamba yenu, natembea kinyumenyume kama mlivyonifundisha, mgongo umepinda. Ni lini naacha kuwa mgeni? Mniambie, nijiandae."

Baba mdogo akagonga fimbo sakafuni, mkutano uendelee.

"Ndege wanalala kwenye matete, ni kweli," akaendelea. "Sibishi. Basi ndege wa matete yangu nitawaamia mimi. Mashamba yote yanayopakana na langu, nitayalinda mimi mpunga ukianza kutoa suke hadi uvunwe. Shamba la jirani likiliwa, kateni matete, fungeni maji, chukueni na shamba. Lisipoliwa, mtaniacha."

Ulikuwa wazimu mtupu. Kulinda shamba lako mwenyewe ni kazi ya kukupotezea sauti, seuze ya majirani. Lakini majirani zake walishaona wamepata mlinzi wa bure, wakaitikia haraka kabla hajabadili mawazo, na baba mdogo akakubali kwa sababu alijua mkwe atashindwa.

Njiani nilimpa vipande vyake. Nilimwambia ana kichwa kama kinu. Nilimwambia shamba alilopewa na mama analiweka rehani kwa ajili ya majani ya kufugia nyoka. Alitembea tu. Tulipofika nyumbani akachukua ungo.

Wengine walikata. Walichoma kijito chote upande huu na upande ule, majivu yakaingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Bonde likabaki wazi kama kichwa kilichonyolewa, na pale juu ikabaki ile kona moja ya kijani, inayumba kwa kiburi. Mtu hakuhitaji kuelekezwa shamba la wifi yangu. Ulikuwa ukisimama popote unaliona.

Mpunga ulipoanza kutoa suke alijenga dungu katikati, jukwaa la miti lenye kipande cha bati juu, akapanda na kombeo na rundo la madongo ya udongo. Alikuwa anaondoka kabla jua halijachomoza na kurudi ndege walipolala. Alifunga kamba kutoka dunguni hadi kila shamba la jirani, akaning'iniza makopo yenye kokoto, akivuta huku yanalia kule. Na alipiga kelele. Mungu wangu, alipiga kelele! Wakulima wote hupiga kelele kwa ndege, lakini yeye aliwatukana, kwa lugha ya kwao, na kwa namna alivyokuwa anageukia nyumba ya mwenyekiti sina hakika alikuwa anawatukana ndege tu.

Mchana mashine ikipoa nilikuwa nampelekea chakula. Siku moja nilimkuta amekaa, sauti imekauka, viganja vimechubuka kwa kamba. Hasira zikanipanda, kwa sababu nilikuwa nimemhurumia na mimi huruma ikinijia huja imevaa hasira.

"Wifi, unajiua kwa ajili ya majani?"

Alikula matonge mawili kwanza. Kisha akasema, kwa ile sauti iliyobaki, "Watoto wangu wanaongea lugha yenu. Majina yao ni ya wafu wenu. Nikilia, nalia kwa nyimbo zenu. Sina neno, niliolewa, nilikubali. Lakini nilipotoka kwetu nilitoka na kitu kimoja, nikakipanda pale. Kikikatwa, wifi, nitakuwa sijatoka popote."

Nilichukua kamba mkononi mwake nikavuta makopo hadi akamaliza kula. Tangu siku hiyo kila mchana nilivuta.

Na mashamba ya majirani yalikuwa yanajaa. Kila mtu aliona. Masuke yaliinama kwa uzito, na baba mdogo alipita kwenye matuta na fimbo yake akitafuta suke tupu kama mtu aliyedondosha sindano. Hakulipata. Mavuno yalipokaribia, akachoka kutafuta.

Mwanamke mmoja wa foleni ya mashine ndiye aliyeleta habari, ndoo ya mpunga wake uliotangulia kuiva ikiwa bado kichwani. Alisema mwenyekiti amepita na vijana wake na dumu la mafuta ya taa, wanaelekea jaruba la juu. Anadai amewaona kwelea wanaingia mle alfajiri na kwamba bonde haliwezi kungoja.

Nilizima mashine. Mpunga wa mtu ulikuwa umefika nusu, nikauacha humo humo. Wale wa kwenye foleni wakauliza naenda wapi, sikujibu, wakafuata hivyo hivyo na ndoo zao.

Tulimkuta wifi amesimama ndani ya matete, maji kifundoni, kamba za makopo amezishika mkono mmoja. Vijana walikuwa wamesimama nje na dumu, wanaona aibu. Baba mdogo alishika kiberiti.

"Toka humo, mkwe. Nitawasha."

"Washa."

"Nakwambia toka!"

"Na mimi nakwambia washa, baba. Tulipatana mbele ya watu. Kama neno lako ni la kuungua, liungue na mimi."

Kijana mmoja akaanza kumwaga mafuta ukingoni. Nadhani alitaka tu kuonekana anafanya kitu. Harufu ile iliponifika puani, nilijua la kufanya, na sikulitafuta mbali. Sisi watu wa matuta tuna jambo letu. Binti wa ukoo akikaa kitako juu ya tuta la kwao, kazi ya shamba hilo inasimama. Jembe haliingii, panga halikati, moto hauwashwi, hadi ainuke mwenyewe kwa hiari yake. Waliliweka wazee kwa ajili ya mabinti waliorudi kutoka kwa waume, kaka zao wasije wakawanyima pa kulima. Mtu wa ukoo akilivunja, wenzake hawamsaidii kulima tena, na shamba la majaruba halilimwi na mtu mmoja. Mwanamke aliyeolewa kwetu hana haki hiyo. Wifi angekaa pale hadi aote mizizi, isingemsaidia.

Lakini mimi ni binti wa pale. Nilirudi kutoka kwa mume, na watu walishanikumbusha mara nyingi kwamba nilirudi. Nikapita katikati ya vijana, nikapanda kwenye tuta mbele ya matete, nikakaa. Na Mungu hakuninyima makalio. Tuta lilijaa.

Baba mdogo alishusha mkono wenye kiberiti.

"Inuka, mwanangu."

"Sijisikii."

"Unajua unachofanya?"

"Mila zetu, baba mdogo," nikamwambia. "Si unazipenda? Haya, ziheshimu."

Wale wanawake wa foleni walitua ndoo zao. Waliozaliwa kwenye ukoo wakaja kukaa, mmoja huku, mmoja kule, hadi tuta lote likawa mgongo wa kanga. Walioolewa wakashuka majini wakasimama na wifi. Hakuna aliyepanga. Wengine kati yao walikuwa wameinua mikono ghalani matete yakatwe, na wakiulizwa leo watakwambia bado wanaona matete ni uchafu. Lakini kumchoma mtu ndani ya shamba lake ni jambo jingine.

Vijana walibeba dumu lao wakaondoka kwanza. Baba mdogo alibaki na kiberiti, hajui akiweke wapi, hatimaye akakitia mfukoni na kwenda zake. Sisi hatukuinuka hadi alipofika barabarani, na mimi ilibidi nivutwe kwa mikono miwili, miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Ila kwelea hawana mila. Wakati sisi tumekaa pale tukijisifu, makopo yalikuwa kimya, na walishuka. Wifi aliwaona, akatoka majini mbio, akapanda dunguni, na hapo alikuwa na kamba nyingi na mikono miwili. Nilimwona akichagua. Alivuta za majirani. Shamba la mashariki, la magharibi, la chini, anavuta na kutukana, na ndege wakahamia mahali pasipolia, ambapo ni kwake. Nilimpigia kelele avute ya kwake. Hakugeuka hata kunitazama.

Walipoondoka, shamba la wifi yangu lilikuwa limesimama wima, halina kitu.

Majirani walivuna vizuri kuliko walivyovuna kwa miaka. Waliupitisha mpunga wao kwenye mashine yangu, gunia baada ya gunia, mchele mrefu usiovunjika. Wifi alileta wake kwenye ndoo. Aliingia na ile ndoo mchana kweupe, ghala limejaa watu, akapanga foleni kama wengine, na aliyempisha apite mbele alimkatalia. Kaka alikuwa nyuma yake amebeba mfuko mtupu waliokuwa wameuandaa, ameukunja vizuri chini ya kwapa. Hapo nililia, nikasingizia vumbi la pumba.

Sikwambii matete ni dawa. Mimi si mtaalamu. Mvua za mwaka uliofuata zilipokuja, kijito kilichonyolewa kilileta mchanga hadi kwenye mfereji mkuu, na wanaume wakashinda na sepetu wakizoa. Kwelea nao walikuja, wachache, wakalala sijui wapi. Kila mtu alichagua alichotaka kukiona. Mimi nilichoona ni kwamba maji ya kwetu yaliingia shambani yametulia.

Baba mdogo akaitisha mkutano wa kupanga zamu za maji. Tulikaa juu ya magunia yale yale. Alivua kofia, jambo ambalo halifanyi ovyo, akatoa hotuba ndefu nzuri. Alisema ukoo ni kusikilizana. Alisema mwanamke yule alitimiza alichoahidi, na hakuna jirani aliyelalamika. Sauti yake ilikuwa laini, na nadhani kweli alitaka yaishe.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi na wazee tumekaa, tumeamua. Kuanzia leo mkwe wetu tumempa ruhusa. Matete yake yabaki."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, viganja vikauma. Wifi alingoja makofi yaishe, akasimama.

"Asante, baba. Lakini ruhusa hiyo uirudishe. Sikuiomba."

Baba mdogo akadhani hakusikia vizuri. "Tumekuruhusu, mkwe. Umeshinda."

"Ukiweza kunipa leo, utaweza kuninyang'anya kesho," wifi akasema. "Shamba nilipewa na mama. Kona ni ya maji. Hapo katikati sioni pa kuweka ruhusa yako."

Baba mdogo akamgeukia kaka yangu, kama desturi. Safari hii kaka hakutazama magunia wala dari. Alimtazama usoni.

"Umemsikia," alisema.

Zamu ya kwanza ya maji ni ya jaruba la juu, imekuwa hivyo tangu enzi za babu. Wifi alichukua jembe lake pale mlangoni, akaenda kufungua maji bila kungoja mkutano ufungwe. Sisi tukabaki mle ghalani tukitazamana, na ruhusa ambayo hakuna aliyejua tuiweke wapi.